Injini ya Boti Iliyoletwa Ikungi

Kaka yangu alinunua injini ya boti bila kujua kwamba ni ya boti. Aliipata Dar es Salaam, kwenye yadi ya mashine za mtumba, akaambiwa ni dizeli ya silinda mbili, nzima, imetoka nchi za baridi. Yote hayo yalikuwa kweli. Alitaka kitu cha kuzungushia mashine ya kukamua alizeti, ambayo tulikuwa tumeshaifunga kwenye banda nyuma ya nyumba. Umeme wetu unatosha taa na friza yangu ya barafu, lakini hautoshi kazi nzito kama ile. Ili kuipata injini hiyo aliuza ng'ombe wote waliobaki wa marehemu baba. Hakubakiza hata ndama.

Naishi na kaka na mke wake, ambaye mimi ni wifi yake na yeye ni wifi yangu. Hapa kwetu mawifi hutaniana, na wifi huyu akiamka asubuhi hata kabla ya kunawa anakuwa ameshapata la kunitania. Mimi sijui kujibu. Nikitaniwa natazama chini, naye anasema nimezaliwa bila ulimi.

Injini iliteremshwa kwenye lori kwa mbao na matairi, na jioni ile ile kaka akamwita fundi. Fundi huyu ndiye anayetengeneza mashine za kusaga kuanzia kwetu hadi Ihanja. Alikuja na baiskeli, nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye injini. Akaizunguka mara mbili.

"Bosi, aliyekuuzia ulimwambia unaishi wapi?"

"Kwani kuna nini?" kaka akauliza.

"Hii injini ya boti. Inakaa tumboni mwa boti. Ona gia zake: kwenda mbele, kusimama, kurudi nyuma."

Wifi alikuwa anapepeta mtama. Akauweka ungo chini.

"Ina rivasi? Basi mteja akitusumbua tunaweka rivasi, mafuta yake yanarudi ndani ya alizeti, anabeba gunia lake anakwenda."

Fundi alicheka hadi akashika baiskeli. Kaka hakucheka. Fundi alipoona hivyo akamwambia asiogope, dizeli haijui kama iko ziwani au shambani, yeye ataifunga puli ya mkanda kule nyuma na itazungusha kinu cha alizeti kama nyingine yoyote.

Mimi nilichokuwa nakitazama ni namna ilivyofungwa. Injini chakavu nyingi huja na vumbi, waya zimekatwa, oili imeganda kama lami. Hii ilikuwa imetunzwa. Mkanda ulikuwa umelegezwa. Tundu la kuvutia hewa lilizibwa kwa kitambaa chenye oili, na ekzosi, bomba la moshi, nayo hivyo hivyo. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa safi kama asali mpya. Lakini pembeni palikuwa na matundu manne madogo yasiyo na vizibo, na kando ya kila tundu mtu alikuwa amebandika karatasi ya kunata na kuchora kwa kalamu ya wino mweusi alama kama nyota. Ilikuwa na vijiti sita, na kila kijiti kilikuwa na matawi madogo. Tulipoilaza kidogo, majimaji ya rangi ya waridi yakatiririka kutoka kwenye bomba la chini. Fundi akayakinga kwenye chupa. Alisema hiyo bila shaka ni oili ya gia za boti.

Halafu tukakiona kile kifuko. Kilikuwa cha turubai nyeusi, ukubwa wa ngumi, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mnene, na kilifungwa kwa waya juu ya swichi ya kuwashia. Fundi alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Nani kafunga hiki?"

Kaka akasema alikikuta hivyo hivyo.

"Kisiguswe," alisema wifi. Utani ulikuwa umemtoka. "Kimeshonwa mdomo, na kina alama. Mtu hafungi kitu hivyo bure. Hiyo hirizi."

"Wazungu wana hirizi?" kaka akauliza.

"Kwani wao hawana maadui?"

Fundi alikata waya kwa koleo lake refu, akakiinua kifuko kwa bua la mtama, na wifi akamwelekeza njia hadi kwenye ua wa miiba nyuma ya choo. Wakakitundika pale. Kukitupa waliogopa, kukichoma waliogopa zaidi.

Kesho yake fundi alifanya kazi kutwa. Yale matundu manne alisema vizibo vyake vimeibiwa bandarini, ndivyo ilivyo kwa kila kitu kinachopita bandarini. Akachonga vigingi vinne vya mti, akavizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akavigongelea. Kisha akaleta pipa.

Mashine zetu za kusaga zote zinapozwa kwa pipa la maji. Bomba moja linatoka chini ya pipa kuingia kwenye injini, lingine linatoka juu ya injini kurudi kwenye pipa. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake, hakuna anayeyasukuma. Fundi alilifunga pipa hivyo hivyo. Kwenye injini ile kulikuwa na pampu ndogo ya maji. Alipofungua kifuniko chake akakuta ndani hamna kitu, chumba kitupu cha mviringo. Akakifunga tena.

"Hii huku haina kazi," alisema. "Maji ya pipa yanatembea yenyewe."

Siku ya kuiwasha walikuja watu wengi. Msimu wa alizeti ulikuwa umeshafika, kaka alikuwa ametangaza, na magunia ya majirani yalikuwa yamepangwa bandani hadi kwenye mlango wa jiko. Maji ya kujaza pipa tuliyabeba kwa punda kutoka kisimani tangu alfajiri. Fundi akatoa vitambaa, akabana mkanda, akaunganisha betri. Injini ikatoa moshi mweupe mzito, ikakohoa, ikashika. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu. Kaka alimtazama mkewe, na wifi akapiga kigelegele.

Sijui zilikuwa dakika ngapi. Niliona hewa juu ya injini inacheza kama inavyocheza barabarani mchana. Pakawa na harufu ya rangi inayoungua. Kigingi cha kwanza kikachomoka na mvuke, kikagonga pipa, ngo! Watu wakakimbia. Kikafuata cha pili. Fundi aliinama, akaizima.

Wakati wote walipokuwa wanapiga kelele mimi nilikuwa karibu na pipa, nikaweka kiganja juu yake. Injini ilikuwa inachoma mtu hata akiwa hatua tatu. Pipa lilikuwa la baridi kama tulipolijaza. Niliona ajabu, lakini sikusema. Kulikuwa na watu wengi.

Fundi alisubiri injini ipoe, akachungulia ubavuni palipokuwa panavuja.

"Bloku imepasuka, yaani mwili wenyewe wa injini," alisema kwa sauti ndogo. "Bosi, mimi nakwambia ukweli. Hiki sasa ni chuma cha kuuza kwa kilo."

Kaka alikaa juu ya gunia la mtu. Baadaye nilimsikia anampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu. Walikubaliana aje na toyo yake, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, keshokutwa. Majirani nao walianza kuulizana nani ana gari la kupeleka alizeti Singida mjini. Wifi aliongea na mumewe kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nilimsikia akitaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao.

Mchana ule nilifunga barafu za ukwaju za kuuza, maana watoto wa shule hawajui msiba wa injini. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya friza, nataka kuongeza ubaridi, na mkono wangu uko kwenye kile kitufe cha kuzungusha. Kando ya kitufe pamechorwa alama. Nimeifuta vumbi kila siku kwa miaka miwili na sikuwahi kuitazama. Nyota ya vijiti sita, kila kijiti na matawi.

Nilikwenda bandani nikabandua karatasi moja kwenye injini, nikarudi nayo, nikaiweka kando ya ile ya friza. Ya kwenye karatasi ilichorwa kwa mkono na ilikuwa imepinda kidogo. Lakini ilikuwa ni ile ile.

Sasa nikawa na swali ambalo halikuniacha: baridi inahusiana nini na injini? Asubuhi ile ilikuwa inaungua.

Nikakumbuka yale majimaji ya waridi. Chupa ya fundi ilikuwa bado dirishani. Nilimimina kidogo kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka kilichokwisha, na kwenye kikopo kingine kama hicho nikajaza maji ya kawaida. Nikavifunika vyote viwili, nikaviweka ndani ya bati la rangi lenye mfuniko ili visikaribiane na barafu za watoto, na bati nikalisukuma pembeni ya friza.

Asubuhi nilifungua bati kabla sijawasha moto wa chai. Maji yalikuwa yameganda na kuvimba, yamesukuma kifuniko chake juu. Yale ya waridi niliyatikisa. Yakacheza ndani ya kikopo kama nilivyoyaweka.

Nilikaa pale chini na vikopo viwili mkononi. Mwaka wa kwanza wa biashara yangu mteja aliacha chupa ya kioo iliyojaa maji kwenye friza, tukaisahau. Nilipofungua nilikuta barafu imesimama peke yake, ina shingo na kitako kama chupa, na kioo kimeanguka vipande pande zote. Tangu siku hiyo sijazi kitu cha kugandisha hadi juu. Basi nikaanza kufikiria nchi ambayo nje kote ni ndani ya friza. Ziwa lake liko nje. Boti iko ziwani, na tumboni mwa boti kuna injini, na ndani ya injini kuna njia za maji zilizojaa. Baridi ikija, maji yale yatavimba, na injini haina kifuniko cha kusukuma.

Kwa hiyo mwenye injini alitoa maji. Alifungua matundu yote manne yaishe kabisa, akaweka nyota kwenye kila tundu. Pale chini pasipoweza kukauka alimimina kitu kisichoganda. Alifanya kazi ile polepole, bila kuruka hatua. Na mtu anayebadilisha oili kabla ya kuilaza injini, anayelegeza mkanda ili usichoke, hawezi kupoteza vizibo vinne. Ningekuwa mimi ningeviweka wapi? Ningeviweka mahali ambapo atakayewasha lazima akutane navyo kwanza.

Wifi alikuwa amesema kweli, kifuko kilikuwa na alama. Nilikwenda nyuma ya choo nikiwa na wembe. Kilikuwa kinayumba kwenye mwiba kwa upepo wa Juni, na juu yake nyota imechorwa kwa chokaa au rangi nyeupe, kubwa. Siwezi kusema sikuogopa. Nilijua hesabu yangu ni sawa, lakini bado nilikishika kwa ncha za vidole. Nilisema sala fupi, nikakata uzi kwa haraka kama mtu anayetoa mwiba mguuni.

Ndani kulikuwa na vizibo vinne vya shaba, vimefungwa kwenye kitambaa, na gurudumu dogo la mpira mweusi lenye mabawa madogo pande zote kama ua la alizeti.

Kazi ngumu ikawa kusema. Fundi alikuja kuchukua spana zake, kaka alikuwa amekaa palepale bandani, na wifi anafagia ambapo hapakuwa na uchafu. Nilitandika gunia chini mbele yao, nikapanga vile vitu juu yake, na kando yake vile vikopo viwili.

"Umevitoa wapi?" kaka akauliza.

"Kwenye kifuko."

Wifi aliruka nyuma na ufagio wake. "Umekifungua? Wifi! Wewe usiye na ulimi, ujasiri umeupata wapi?"

"Siyo hirizi. Ni vizibo."

Fundi alichuchumaa. Hakugusa. "Binti, nani kakwambia?"

"Friza."

Hapo walicheka wote, hata kaka, na kicheko kile kikanisaidia, kwa sababu walipomaliza wote walikuwa wananitazama na ilinibidi niendelee. Nikawaonyesha karatasi ya nyota. Nikawafunulia vikopo. Nikasema kule ilikotoka injini baridi inagandisha maji hadi ndani ya chuma, maji yakivimba yanapasua, ndiyo maana mwenyewe aliyatoa.

Fundi alikigeuza kikopo cha waridi, akanusa. "Maji yapasue chuma?"

"Yalipasua chupa."

"Chupa siyo chuma, binti."

Nilitazama chini. Aliyejibu ni wifi.

"Na sufuria yangu je? Si wifi huyu aliijaza maji akaiweka kwenye hilo jokofu lake, yakaganda, kitako kikatoka nje kama tumbo la mjamzito? Mpaka leo haikai sawa jikoni. Fundi, wewe mwenyewe umeula ugali wake umeinama upande mmoja."

Fundi aliifikiria ile sufuria. Kisha akachukua kizibo kimoja, akakijaribisha kwenye tundu la kwanza. Kikaingia kwa vidole tu, bila spana. Cha pili vivyo hivyo. Alipofika kwenye lile gurudumu la mpira alinyanyuka, akafungua kifuniko cha pampu, akalisogeza kwenye kile chumba kitupu cha mviringo. Mabawa yakajikunja yakakaa.

"Kumbe hii haitegemei maji kutembea yenyewe," alisema, na nilijua anajisemea. "Inavuta ziwa. Nami niliiendesha pampu tupu."

"Pipa lilikuwa baridi," nikasema. "Siku ile. Nililishika."

Alinitazama. "Na hukusema?"

"Kulikuwa na watu."

Kaka aliuliza swali lililokuwa limebaki. "Na bloku?"

"Hatujui," fundi akajibu. "Maji niliyoyaona yalitoka ama kwenye tundu ama kwenye ufa. Kama ni tundu, tumepona. Kama ni ufa, au nimeiunguza mimi jana, mwenye toyo na aje. Washa uone."

Walitumia asubuhi yote. Fundi alisafisha gurudumu kwa maji ya sabuni, akalipaka, akafunga mabomba upya ili pampu ivute kutoka chini ya pipa na kurudisha juu. Sisi tulikwenda tena kisimani na punda. Safari hii hakuitwa jirani yeyote. Wifi alifunga hata mlango wa ua.

Iliposhika, hakuna aliyepiga kigelegele. Kaka aliniambia niweke mkono kwenye bomba la kurudishia. Kwanza lilikuwa kavu na la baridi. Halafu nikasikia kitu kinapita ndani, kinasukuma kwa vipigo vidogo vidogo, na maji yakaanza kumwagika ndani ya pipa.

"Ni moto?" kaka akaniuliza kwa kupaza sauti.

"Bado."

Fundi alikuwa amelala chali na tochi, anatazama ubavu wa injini. Alipitisha kitambaa kikavu chini ya kila kizibo, akakitazama, akakipitisha tena. Tukapita muda ule wa jana yake ambapo kigingi kilichomoka. Nilijua tumeupita kwa sababu wifi alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, na sasa alitoka.

"Ni moto?"

"Vuguvugu. Kama ya kuogea mtoto."

Fundi alitoka kule chini na kukionyesha kitambaa. Kilikuwa kikavu. Akasukuma gia mbele, mkanda ukavutika, kinu kikaanza kuzunguka. Kaka alifungua gunia letu wenyewe, siyo la mtu, akamimina alizeti. Mashudu yalitoka kwanza, makavu na meusi, yanavunjikavunjika. Kisha chini, kwenye mfereji mdogo wa bati, mafuta yakaja, kwanza matone, baadaye uzi mmoja usiokatika. Wifi alichovya kidole akaonja, akachovya tena akampa mumewe.

Kaka alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Hakutoka nje ya banda, alisimama palepale kando ya injini na kuziba sikio moja.

"Usije," alisema. "Nasema usije kesho. Hapana, siyo bei. Hiyo unayoisikia ndiyo yenyewe." Akasikiliza. Uso wake ukalegea, akatugeukia. "Mwenye toyo anauliza tunaanza saa ngapi. Ana magunia mawili ya alizeti."